Nikimwacha Nyoka Apumzike, Binti Yangu Atanyamaza Tena

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, maana jambo lenyewe nikilitaja kazini watu watacheka mpaka washike mbavu, na siku nazo zinaniishia.

Mimi ni mtunza bohari katika ghala la dawa, nina miaka arobaini na sita, na wenzangu wananiita Kalenda kwa sababu kila kitu nakiandikia tarehe, na hata nyumbani nina daftari ninaloandika kila siku tangu nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo haya ninayokueleza sikuyakisia. Mke wangu alifariki mwezi wa kumi mwaka jana, na tangu hapo binti yetu wa miaka kumi na sita akawa ananijibu maneno matatu tu, ndiyo, hapana, na nimeshakula, mpaka mwezi wa pili alipobandika karatasi kwenye friji kuniomba ruhusa ya kufuga nyoka, na mimi nyoka nawaogopa tangu utotoni, lakini lilikuwa ombi lake la kwanza, nikakubali.

Tulikwenda kwa mfugaji mwenye kibali, tukarudi na chatu mchanga, hana sumu, ana miezi minne, urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Binti akamwita Mkanda. Mfugaji alituambia, na nikaandika neno kwa neno: "Mzee, wiki ya kwanza msimguse kabisa. Akishakula, siku mbili msimguse. Mkimshika, mkono utokee ubavuni, usimjie kutoka juu, maana kwake anayetoka juu ni mwewe. Na muwe mnanawa mikono, ikinuka panya atadhani vidole ni chakula." Boksi lake lina urefu wa sentimita tisini na upana wa arobaini na tano, upande mmoja una joto, mwingine hauna, na kuna kijisanduku cha kujifichia.

Tarehe 11 Machi nilimshika kwa mara ya kwanza, nimemnyooshea mikono mbali na mwili, na binti yangu akacheka. Akasema, "Baba, unamshika kama waya wa umeme. Mbebe kwa chini, tumboni, mwache atembee mwenyewe." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima kwangu baada ya miezi mitano. Siku ile aliongea robo saa, kuhusu shule, kuhusu mwalimu wa biolojia, lakini Mkanda aliporudi kwenye boksi na yeye akarudi chumbani kwake, na nilipochunguza daftari nikaona ndivyo inavyokuwa kila mara, nyoka akiwa mikononi tunaongea, nyoka akirudi kwenye boksi basi. Kwa hiyo kutoka mara mbili kwa wiki tukafika kila siku, na Jumapili mara mbili, na Mkanda akaanza kujikunja kama mpira na kuficha kichwa, tarehe 2 Aprili akakataa panya, tarehe 9 akakataa tena.

Tarehe 14 binti alikuwa amemviringisha mkononi, hajaniangalia, akauliza, "Baba, siku ile ya mama, wewe ulijua saa ngapi?" nami nikamwambia ashike vizuri mkia asije akamwangusha, kwa sababu hospitali walinipigia saa tatu asubuhi na mimi nikamwacha amalize mtihani, nikamfuata shuleni saa tisa, mama yake alikuwa ameshaondoka tangu saa saba, na sikujua nianzie wapi. Akamrudisha Mkanda ndani, akaenda zake. Tarehe 16 Mkanda hatimaye akala. Tarehe 17 nilimtoa mimi mwenyewe nikampelekea binti mezani, nikitumaini ataniuliza tena na safari hii nitajibu, na Mkanda akamtapika yule panya mzima juu ya daftari lake la hesabu. Binti alifuta daftari, kisha akasema, "Ulijua siku mbili hazijaisha. Uliandika mwenyewe."

Sasa mama yake mdogo anakuja tarehe 3 Mei kumchukua akaishi kwake na kusoma huko. Amenipigia simu: "Shemeji, huyo mtoto analelewa na daftari na joka. Nipe mimi." Binti hajasema anataka au hataki. Nimeambiwa nyoka akitapika apumzishwe wiki mbili, nikihesabu naona mapumziko yanakula siku zote nilizobakiwa nazo, na bila Mkanda hataongea nami. Je, kuna namna ya kumshika hata dakika kumi tu kwa siku, labda akiwa amefunikwa kitambaa, bila kumdhuru, mpaka binti aamue?

Ni mimi,
Kalenda
18 Aprili

JIBU

Kalenda, pole sana kwa msiba. Mwaka haujatimia na bado unapika, unafua na kumlea mtoto peke yako. Hilo nimeliona. Sasa nivumilie, maana nina ugomvi na wewe.

Tuanze na nyoka, kwa sababu yeye hana wa kumtetea. Unaniuliza dakika ngapi. Sufuri. Kitambaa pia ni kushika, usijidanganye. Chatu mchanga akitapika, koo na tumbo vimechubuka, na akirudia kutapika anaweza kufa. Wiki mbili kamili asiguswe. Mbadilishie maji, mpe joto lake na giza lake, mpite bila kugonga boksi lake. Zikiisha, mpe panya mdogo, nusu ya yule wa mwanzo, halafu umwache tena kwa siku kadhaa. Akitapika mara ya pili, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Alipokuwa akijikunja na kuficha kichwa alikuwa anakwambia basi, imetosha. Alikwambia wiki nzima, ukaandika tarehe, kesho yake ukamtoa tena.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umenipa upana wa boksi, umenipa umri wa nyoka kwa miezi. Kifo cha mke wako na zile saa sita ambazo mtoto hakuitwa umevipitisha upesi upesi katikati ya habari za mkia. Nusura niviruke na mimi, kwa jinsi ulivyovificha vizuri.

Sikulaumu sana kwa asubuhi ile. Hospitali hupiga simu wakasema njoo, hawasemi ndiyo mwisho, na mtu aliyeshtuka hushikilia kile alichokuwa amekipanga. Wengi wangefanya kama wewe. Ninachokulaumu ni tarehe 14 Aprili. Mtoto amekaa na swali moja miezi sita. Amelizungukia kwa habari za shule na za mwalimu wa biolojia, akipima kama unaweza kulibeba, na siku alipothubutu ukamwambia ashike mkia. Kesho yake ulikuwepo. Keshokutwa ulikuwepo. Ukangoja mpaka nyoka apatikane, kana kwamba nyoka ndiye aliyeulizwa.

Unasema bila Mkanda hataongea. Kalenda, ameshaongea. Zamu ni yako, na hakuna haja ya kumsubiri aulize tena.

Leo hii ukitoka kazini usiingie chumbani kubadilisha nguo. Mkute jikoni, au mwite jikoni, chukueni viazi mmenye pamoja, kwa kuwa na mimi naamini mikono ikiwa na kazi mdomo hupata nafuu, na viazi havitapiki. Halafu useme, kwa sentensi fupi, bila utangulizi: "Nilipigiwa simu saa tatu. Nilidhani muda upo. Nilikuacha umalize mtihani, na hukumwona mama yako kwa sababu yangu. Nisamehe." Ukifika hapo nyamaza. Usimweleze umuhimu wa ule mtihani. Usimwambie ulifanya kwa faida yake. Usimwambie mama yake angetaka hivyo, maana hujui, na yeye anajua kwamba hujui. Akilia, kaa. Akikutukana, kaa. Akibamiza mlango, maliza viazi, upike, umwekee chakula chake.

Shemeji yako mpigie leo pia, kabla mtoto hajafanya hivyo. Mwambie mambo yote mawili: kwamba kuna jambo ulimficha mwanao na unamwambia sasa, na kwamba tarehe 3 mtoto atachagua mwenyewe na hakuna atakayemvuta mkono. Na wewe usimwombe abaki katika mazungumzo yale yale ya msamaha. Ukiviweka pamoja ataona umekiri ili upate kitu, na hatakuamini kwa lolote kati ya hayo. Akiamua kwenda, mfungie mizigo vizuri, mpeleke mpaka kwa mama yake mdogo, na kila wiki umtumie habari za jinsi Mkanda anavyoendelea, kama atazitaka.

Inawezekana atakwenda. Sikufichi. Inawezekana pia atabaki na asikusemeshe mpaka mwezi wa saba. Yote mawili utayaweza, maana hakuna hata moja linalozidi ulilokwisha kulibeba.

Ila siku atakapokuuliza jambo jingine, liwe kubwa au dogo, weka chini chochote ulichoshika, umwangalie, umjibu.