Ufunguo Anao Mama

Dada Nabangala,

Macho ya Mama yamepona, na jana yalianza kufanya kazi.

Khaemba alileta gari la gia otomatiki gereji kwangu, hapa Old Kampala, akiwa na mchumba wake mpya, Babra. Mimi hanijui, kwani mlipooana sikuwepo, ila picha yenu ya harusi ninayo ukutani nyumbani. Nikamuuliza kama ana mke. Akacheka. "Mimi? Sijawahi kuoa!"

Nikameza hasira, nikapima gari. Liling'ang'ania gia ya tatu, na mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri hata likikimbia. Waya zilikuwa nzima. Sensa, yaani kifaa cha kupima spidi, ndiyo iliyokuwa ikiidanganya gia kwamba gari limesimama. Nikaibadilisha, nikasema, "Ingieni nyuma, tulijaribu barabarani. Mwongo hujulikana gari likitembea."

Langoni, ambako nilikuwa nimemwita Mama kwa simu, nikasimama, nikamfungulia mlango wa mbele. Alijua anavunja mwiko, lakini alipanda, akageuka na kumwangalia Khaemba usoni, akamsalimu kwa Kibukusu. "Mulembe, mkwe wangu."

Khaemba aliruka nje kama aliyemwagiwa maji ya moto, akajifunika uso kwa koti, akatokomea. Babra akaniuliza kwa adabu ya Kiganda, "Ssebo, anakimbia nini?"

"Kwetu Wabukusu, mwanamume haketi gari moja na mama mkwe wake, wala hamgusi mkono."

Babra akashuka, akavua pete, akaiacha kwenye kiti.

Gari sasa linabadili gia vizuri kabisa. Khaemba amepiga simu mara nyingi akilitaka. Nimemwambia aje wakati wowote: ufunguo anao Mama, na atamkabidhi mkononi.

Kaka yako asiyesahau,
Makokha