Aliyejibu "Salama"

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Babu yako hajambo, ila baridi ya mtaa wetu wa Rinkeby inamsumbua magoti.

Katika kazi yako ya ushauri, unauliza kama mtu aliyepelekwa na mahakama kwa mshauri, badala ya jela, hufunguka kweli. Ujanani nilimkalimania kijana wa kwetu wa namna hiyo hapa Stockholm. Mshauri, mama wa Kiswidi, akamuuliza hali.

"Salama."

Nyumbani je?

"Salama."

Usingizi?

"Salama tu."

Mshauri akaanza kuaga. Kijana hakuinuka.

"Na wewe, mama, hujambo?"

Nikatafsiri. Yule mama akasema, "Mama yangu anaumwa. Silali."

"Pole sana," kijana akasema, akasogeza kiti. "Hata mimi silali."

Akaongea mpaka chai tuliyoandaliwa mezani ikapoa.

Wewe, unaowashauri wakikuuliza hali, Neema, huwa unajibuje?

Bibi yako