Ulimi wa Baba

Sarang'ombe,
Jumanne jioni

Dada yangu Christine,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nalitaja mapema kwa sababu unanijua: nikianza na salamu ndefu huenda nikaishia hapo hapo. Haya, u hali gani? Mtoto je? Sisi huku tu wazima. Mama bado anauza samaki wake wa omena pale sokoni Lindi, na kila jioni anauliza kama mtoto ameanza kunyonya vizuri. Ningepiga simu, lakini wewe huiweka spika, na mama mkwe wako hujibu kabla yako.

Tangu tuje kukuona Jumapili huko Kawangware sijatulia. Nilikuona ukiuma ncha ya shuka kila mtoto aliposhika titi. Anashika, anateleza, analia, kisha analala na njaa. Mama mkwe wako alisema mtoto hajapewa jina lake, kwamba kuna mzee wa ukoo anayelilia kukumbukwa. Alimbeba kwa upole akaita majina ya marehemu wao, moja baada ya jingine. Alipoita Osewe, mtoto akanyamaza, sote tukashusha pumzi. Ukampa titi, akateleza tena. Jirani yako Mideva akauliza kama huyo Osewe alikufa ameshiba, mbona amerudi na hataki chakula. Hata wewe ulicheka.

Lakini tulipokuwa tukiaga nilimsikia mama mkwe wako akisema kwamba jina lisipopatikana wiki hii mtoto aanzishiwe uji, kwa kuwa maziwa yako hayana kitu. Ukainamisha kichwa. Maziwa yako hayana ubaya, dada. Leso yako ilikuwa imelowa kifuani, niliiona.

Muhula huu mwalimu wa biolojia alitufundisha urithi. Alituambia tutoe ndimi tuone nani anaweza kuukunja wake. Darasa zima lilicheka na kutoa. Mimi nilifunga mdomo. Derrick, tunayekaa naye dawati moja, akaniuliza kama wangu uko kwa fundi. Nilicheka naye, mdomo ukiwa umefungwa vilevile.

Ulimi wangu hautoki, Christine. Chini yake kuna utando mfupi unaoushikilia, na nikijaribu kuutoa, ncha inaingia ndani katikati, kama moyo unaochorwa kwenye kadi. Ndiyo maana sisomi kwa sauti kanisani. Nyinyi husema nina haya. Haya ninayo, lakini ilianzia hapo.

Baba alijua. Nilipokuwa darasa la nne nilikataa kukariri shairi mbele ya wageni, akanipeleka nyuma ya nyumba akafungua mdomo wake. Wake ulikuwa hivyo hivyo. Sisi tulidhani ni mtu wa maneno machache tu. Aliniambia mtu akinyamaza hachekwi, na kwamba jambo lile libaki letu wawili. Nimelitunza hata baada ya kumzika.

Jumapili ulipoenda kuoga, mtoto alilia mikononi mwangu, mdomo wazi. Nikauona ulimi wake. Ncha imeingia katikati. Mama mkwe wako hakukosea sana: kuna mzee aliyerudi. Ila alimtafuta kwao, naye ametoka kwetu. Jina la Baba hakuna aliyeliita. Nilitaka kusema, lakini chumba kilikuwa kimejaa watu, na ningelazimika kuwaonyesha wangu.

Leo baada ya shule nilienda zahanati pale Lindi nikamfungulia nesi mdomo. Alinimulika kwa tochi. Akasema jambo hili huweza kupita katika familia, na mtoto aliye nalo anaweza kushindwa kunyonya hata maziwa yakiwa tele. Wakati mwingine mkato mdogo hutosha. Amesema umlete kesho asubuhi wamwangalie. Tafadhali usikubali uji kabla ya hapo.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie shemeji Ken, na mama mkwe wako pia, kwa heshima. Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Adhis

Nimeongeza haya nikiwa Kawangware, usiku huu huu wa Jumanne. Nimeileta barua mwenyewe, na aliyekukabidhi ni Mideva. Niko kwake, mlango unaofuata, nasubiri umalize kusoma. Mama mkwe wako akitaka kuuona ulimi wangu, niite nije.