Maelezo Niliyoyaandika Chini ya Video

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nisamehe, daftari. Tangu Machi sijakufungua, na mtu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita hana udhuru. Kalamu yangu ilihamia kwenye simu. Thabiti, mwanafunzi wangu wa zamani anayebeba mizigo bandarini, ni mwimbaji. Mimi namtangaza mtandaoni. Nachagua kipande cha video, naandika maelezo chini yake, najibu maoni — kwa nukta na herufi kubwa. Wasanii wengine wawili wa hapa mtaani wameniomba niwatangaze. Jirani yangu Raheli hunitania: "Shikamoo, Meneja. Leo umetrendi?"

Leo tumetrendi. Video mpya imetazamwa zaidi ya mara laki mbili, nami naogopa kuishika simu.

Jumanne, 10 Juni

Niandike kwa utaratibu. Kiitikio cha wimbo ule Thabiti alikisikia utotoni, kijijini kwao Kitaya, kikiimbwa ndani ya ua wa unyago. Kila apitaye njiani hukisikia. Hilo si kosa. Ni maneno ya Kimakonde tu, na mwanamume hajui yanawafundisha nini mabinti.

Mimi najua. Nilichezwa unyago palepale mwaka 1973. Nami, kwa kuwa sipendi neno libaki bila maelezo, nikaandika maana yote chini ya video, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili sanifu. Watu wakasifu. Wakasambaza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoapa kutoitamka maana ile nje ya ua ule.

Jumatano, 11 Juni

Nimeyafuta maelezo. Bure — watu wameshayapiga picha.

Jioni Thabiti alikuja, vumbi la saruji mabegani. Bi Mwaisha, nyakanga anayeongoza unyago Kitaya, amesimamisha ngoma. Mabinti saba walikuwa watolewe Jumamosi. Hawatoki mpaka ajulikane mwanamke aliyetoa maana.

"Wanamdhania nani?"

"Mama."

Mama yake, Hadija, ambaye hana hata simu ya kuangalia video. Bi Mwaisha kamwambia: "Mwanao hakuyaokota barabarani, Hadija. Umemnong'oneza." Sasa kisimani wenzake wanampisha kama mwenye upele.

"Wewe umewaambia nini?"

"Nimesema sijui nani kaandika. Nikikutaja, Mwalimu, watakufanyaje?"

Nilimmiminia chai.

Alhamisi, 12 Juni

Promota wa Dar es Salaam amepiga. Anamtaka Thabiti kwenye tamasha, na mimi niwaandikie wasanii wake wote. Ndicho nilichokuwa nikikiomba tangu nistaafu. Nikasema nitampigia. Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Ijumaa, 13 Juni

Raheli, kutoka ng'ambo ya ukuta: "Umeyasikia ya Kitaya? Huyo Hadija anajifanya mnyonge, kumbe mdomo haufungi."

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Nimekaa nalo mchana kutwa.

Thabiti ameandika: kesho baada ya adhuhuri mama yake ataitwa katikati ya ua. Akitengwa, hataingia tena shughuli ya wanawake — harusi, uzazi, msiba. Na nikisema ni mimi? Makaburi yetu yako Kitaya. Nani ataniosha nikifa?

Jumamosi, 14 Juni

Saa moja asubuhi simu ililia. Bi Mwaisha. Tulichezwa pamoja, tukalala mkeka mmoja. Hajui kusoma. Alinisalimu vizuri, akaniuliza miguu, akauliza mvua. Kisha:

"Mwanaidi, nimesomewa yale maneno mara mbili. Yamenyooka mno. Hadija aliishia darasa la nne."

Akaendelea:

"Nasikia simu unaijua wewe. Njoo utusomee, Hadija akiwa amekaa hapo. Wewe utayasoma vizuri."

Akakata. Sijui kama anajua. Nadhani anajua.

Nimevaa. Gari la Kitaya linapiga honi, Raheli ananiita dirishani. Maelezo yale nimeyanakili kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu. Chini nimeacha nafasi ya jina. Kalamu ninayo mkobani. Nikishajua la kufanya na jina hilo, nitakuandikia, daftari — hata kama ni mstari mmoja.