Hina Niliyomfichia Sista

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri hapa Kerege, yale yanayomlowesha mtu bila kumwambia. Nimekaa barazani, miguu juu ya stuli, nyayo zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa kama maandazi. Leo sijameza vidonge vyangu. Ni mara ya kwanza tangu niandikiwe, na nimegundua kumbe saa tatu asubuhi, saa yangu ya kuvimeza, inaweza kuwa saa ndefu namna hii.

Kwanza nijisifu kidogo, maana anayenisoma leo kwa mara ya kwanza lazima ajue anaongea na nani. Mimi nimekwenda Dubai mpaka mwenye hoteli akawa ananiwekea chumba kile kile. Guangzhou nimebishana bei na Mchina kwa kikokotoo tu, yeye anabonyeza, mimi nabonyeza, mwisho akanivutia kiti na kunimiminia chai. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kuchungulia daftari la jirani. Lakini nyumba hii imesimama kwa mapazia niliyoyaleta mwenyewe. Watu wa huku wananiita Mama Dubai. Sijawahi kuwakataza.

Kisha mwili ukanipeleka safari ambayo sikuiombea viza. Saratani ya mfuko wa uzazi. Walipoiona ilikuwa imeshatoka kwenye mfuko na kupanga chumba kwenye pafu. Nikapasuliwa, nikawekewa zile dripu zinazong'oa nywele, ikatulia, ikarudi. Ndipo daktari akasema kuna njia nyingine: dripu ya aina tofauti kila baada ya wiki kadhaa, na vidonge vya kumeza nyumbani kila siku. Vile vidonge akaviita dawa zinazolenga.

Zinazolenga! Neno hilo halikuniacha nilale.

Mimi ni mtu wa mizigo. Mapazia yangu yamewahi kushushwa Mombasa wakati yameandikwa Dar kwa herufi kubwa nyekundu. Sasa kidonge kisicho na herufi hata moja, kimemezwa mdomoni, kimepita tumboni, kinajuaje njia ya kwenda kwenye pafu? Nikamuuliza Sista Agripina, muuguzi wa kliniki yetu huko mjini, binti wa Bukoba mwenye uvumilivu wa ajabu.

"Mama, kwenu Kerege hakuna watu wanaojiunganishia maji ya wizi?"

"Wapo. Mmoja tumepakana ukuta."

"Basi uvimbe ndivyo unavyofanya. Unajivutia mishipa yake ya damu ili ule, ukue. Hivi vidonge vinakwenda kuubania hayo mabomba."

Akaniambia pia kwamba kile kinyama walichonikata kilipimwa kwanza maabara, ili wajue uvimbe wangu ni wa tabia gani kabla ya kuchagua dawa. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Uvimbe wangu una tabia zake, umechunguzwa kama mchumba!

Na dawa zimefanya kazi. Nilipoingizwa mara ya mwisho kwenye lile dude la duara, daktari alinionyesha picha mbili kwa pamoja, ya zamani na ya sasa. Hata mimi wa la saba niliona. Kile kidude cha kwenye pafu kimesinyaa. Nilimwambia kila mtu, mpaka muuza mihogo wa pale kituoni, ambaye hakuwa ameniuliza.

Ambacho sikumwambia mtu ni habari ya nyayo.

Zilianza kwa kuwaka, kama nimesimama juu ya makaa ya moto. Zikawa nyekundu. Kisha visigino vikaota malengelenge, na viganja navyo vikaanza kuchubuka. Sauti nayo ikakauka ikawa ya kukwaruza. Sauti sikuweza kuificha. Presha napima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari, hiyo nayo siwezi kuidanganya, mashine inasema yenyewe. Lakini nyayo ziko chini, ndani ya soksi. Kila Sista aliponipigia simu kuuliza mikono na miguu, nilijibu: mizima, labda yako wewe.

Sababu yangu ni Mama Salha. Tulikaa benchi moja siku ya kwanza, yeye katokea Lugoba, na kapu la ndizi mbivu alilogawia benchi zima. Vidonge vyetu vilifanana, na tulicheka mpaka tukaombwa tupunguze. Siku moja akatoka kwa daktari ameinamisha uso. Akaniambia, "Wameniambia nisimamishe, miguu imeharibika." Baada ya hapo sikumwona tena kwenye lile benchi. Namba yake ninayo. Nilikuwa naifungua kwenye simu, naitazama, naifunga.

Nilijijibu mwenyewe kuwa kusimamishiwa ndiyo kuagwa.

Jumamosi iliyopita ikawa harusi ya Zuhura, binti wa mdogo wangu Mwajuma. Wanawake wa ukoo wote tulipakwa hina. Wengine walichagua maua na mistari ya piko, ile rangi nyeusi. Mimi nikamwambia mpakaji: mama, mimi nizamishie nyayo nzima mpaka kwenye kifundo, na viganja vyote, nataka ya kizamani. Akafurahi kuona mtu anayeheshimu mambo. Nikajiona mjanja kuliko Guangzhou nzima. Jumatatu nilikuwa na kliniki, na chini ya hina nani ataona wekundu?

Ilichoma. Nilitabasamu huku nimeng'ata ukingo wa kanga.

Bibi harusi alipotoka, wote wakanigeukia, maana kigelegele cha kwanza kwenye ukoo wetu ni changu tangu enzi. Nikavuta pumzi, nikatoa. Mwajuma akapasuka kwa kicheko: "Dada, hicho ni kigelegele au ni mlango wa kabati?" Nikacheka naye. Zuhura peke yake hakucheka. Alinishika mkono akaninong'oneza, "Mama mkubwa, unaumwa?" Nikamwambia bibi harusi haulizi maswali.

Jana Jumatatu ndiyo hiyo kliniki. Sista Agripina akanipokea kwa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa madaha, nikavua viatu kama malkia.

"Umependeza, mama."

"Mimi siku zote."

Akainama. Akaugeuza mguu kuelekea dirishani. Akachukua pamba yenye spiriti akafuta kidogo, rangi haikutoka.

"Mama, mimi kwenye nyayo nasoma rangi. Hapa umenifungia kitabu."

Kisha akabonyeza kisigino kwa kidole gumba. Niliruka nikataja marehemu wa pande zote mbili.

"Yameanza lini haya?"

"Jumamosi."

Akanitazama tu. Nimedanganya watu wa forodha wa nchi tatu bila kupepesa, lakini yule binti alinishinda. "Wiki tatu," nikasema.

Daktari akaja, akatazama, akasema vidonge visimame mpaka nyayo zipone, halafu nitarudishiwa kwa dozi ndogo zaidi. Nililia mbele ya watu, mimi Mama Dubai, na kamasi juu. Sista akavuta kiti akakaa karibu.

"Kuzipumzisha siyo kukuacha, mama. Ungeniambia siku ya kwanza, pengine mafuta na viatu laini vingetosha. Wewe umenyamaza mpaka ngozi imepasuka."

Nikamuuliza habari za Mama Salha. Akatikisa kichwa: habari za mgonjwa mwingine hawezi kunipa. Ni sawa. Ila nilikuwa bado na swali moja, nikamuuliza kabla sijatoka: kama dawa inalenga, nyayo zangu zimeikosea nini?

Alisema nyayo na viganja vina vimishipa vidogo vingi mno, tunavikandamiza kutwa kwa kutembea na kushika vitu, na dawa inavigusa hivyo navyo. Kwa lugha yangu nimeelewa hivi: ni mgambo aliyetumwa kuziba mabomba ya wizi, na katika juhudi zake amepitia na bomba la msikiti. Hana nia mbaya. Anahitaji kuambiwa mapema kwamba msikitini maji hayatoki.

Na wa kumwambia ni mimi. Hakuna mwingine anayetembea na nyayo hizi.

Basi leo, saa tatu ile ndefu, nikiwa sina kidonge cha kumeza, nikaifungua ile namba. Iliita mpaka nikataka kukata. Halafu ikapokewa, nikasema haloo, na nikajibiwa kwa sauti ya kukwaruza, kavu, mbovu kabisa.

"Nani huyo ana sauti ya chura?"

"Chura mwenzako wa benchi," nikasema.

Mama Salha! Tulicheka bila sauti, sote wawili, pumzi tupu zinapishana hewani kati ya Kerege na Lugoba. Alisimamishwa mpaka miguu ikapona, akarudishiwa dozi ndogo, na siku yake ya kliniki ikahamishiwa Alhamisi. Wakati wote huo mimi nilikuwa nimeshamzika kwenye simu yangu. Naye anasema kila alipokwenda aliniulizia na hakuniona, akaogopa kunipigia. Kisha akaniuliza kama kisigino cha kulia ndicho kinachosumbua zaidi, kama chake.

Uvimbe utafanya nini siku hizi nisizomeza? Sijui. Sista naye hakuniahidi. Naogopa, na nimeandika hapa kwamba naogopa.

Ijumaa Zuhura anakuja na mumewe kunitembelea, na najua atakuja na hina. Atanipaka kucha tu. Hii ya nyayo imeanza kufifia pembeni, na chini yake wekundu unachungulia. Kesho asubuhi, kabla sijavaa soksi na kabla sijaongea na mtu, nitazigeuza kwenye mwanga nizisome mwenyewe, kisha nitampigia Sista nimwambie rangi niliyoiona.