Hazikwi Mpaka Kadi Ionekane

Maganga, mpagazi wangu,

Mimi sijambo, ila nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yako.

Nani alikutuma ucheze huku unakohoa? Ligi iliposimama kwa ajili ya korona tulikaa nyumbani. Iliporudishwa, viongozi wakatuambia kadi za bima ya matibabu zimo njiani, tuingie tu uwanjani. Mimi kipa nilikuwa nyuma yako, nikikuona unavyoshika magoti kila mpira unapotoka. Nikakwambia nenda hospitali ya Kitete ukapimwe. Ukanijibu, "Nasubiri kadi, Mzaramo. Nikienda sasa hivi nitauza baiskeli." Ukasubiri hapo kwako Cheyo, kifua kinabana, mpaka siku tuliyokubeba na huwezi hata kunitukana. Hapo nikajua mambo yameharibika. Madaktari walihangaika sana, lakini tulikuwa tumechelewa.

Basi siku ya mazishi nilifanya kazi yangu. Sisi Wazaramo na nyinyi Wanyamwezi tunataniana tangu babu zenu walipokuwa wakija kushusha pembe za ndovu pwani kwetu, na msibani mtani hazuiwi neno. Mwenyekiti wa timu alipoinama kuchukua udongo, nikaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ndani. Nikasema mpagazi huyu hazikwi mpaka bosi wake aonyeshe kadi iko wapi. Watu wakacheka. Mama yako alicheka huku analia. Mwenyekiti akatoa noti ya kuninyanyua, kama ilivyo desturi, nikaikataa. Kicheko kikakatika. Ikabidi aape mbele ya wazee wenu kwamba hakuna mchezaji wake atakayeingia tena uwanjani bila kadi. Ndipo nikainuka, tukakuzika.

Leo amenipigia simu. Kesho tuna mechi, kadi hazijafika, na eti nijiandae. "Msiba umeshapita, Pazi. Utani wako umekwisha."

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Utani ulikwisha pale ulipoapa."

Akakata simu.

Nimeongea na wenzetu. Wawili watatu wako nami, wengine wanaogopa kuvunjiwa mikataba, na siwalaumu. Mimi mwenyewe naogopa. Mke wangu ana mimba, hilo hukulijua, nilitaka kukwambia ukipona. Lakini glavu sivai. Wakinifukuza nitarudi Kisarawe nikalime mihogo, na wewe ucheke huko uliko mpaka uchoke.

Nimekukumbuka, ndugu yangu. Mazoezini nikiwapanga mabeki bado naita jina lako.

Pumzika sasa, mzembe wewe. Wanao watakujua kwa picha ya ukutani, umevaa jezi. Wangu atanijua kwa kelele zangu mwenyewe, nakuahidi.

Mtani wako,
Pazi