Mkeka Uliokosewa kwa Makusudi

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua ya rasharasha tangu mchana, na chumba kizima kinanuka miyaa iliyolowa, yale majani ya kusukia. Mikeka niliyoileta kutoka Kipungani nimeiegemeza ukutani, nimeifunika shuka.

Si kwa ajili ya mvua. Sitaki kuiona.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mtoto wa mtaa wa Langoni. Nilisomea usanifu Nairobi, nikarudi nyumbani kutafutia soko kazi za mikono. Mimi nachora na kuuza, wengine wanasuka. Msukaji wangu mkubwa ni Bi Mwanaesha wa Kipungani. Ni mwanamke mwenye maringo, na maringo yenyewe ni haki yake. Ukiutandaza mkeka wake, huoni ukili mmoja, ule utepe wa miyaa iliyosukwa, uliposhonwa na mwenziwe. Watu wakimsifu huitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Njeri, dada wa Nairobi anayepamba nyumba mpya ya wageni kule Shela, alitaka mikeka ya vyumba vyote. Nikampelekea mmoja wa mfano. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Dada, hii ni safi sana mpaka inakaa ya mashini. Wageni wanataka kuona mkono wa mtu. Si aiharibu tu kidogo?"

Ningeweza kumwambia kwamba huo usafi ndio mkono wenyewe. Nimeshawahi kuyaandika maneno hayo humu humu, kwa mbwembwe. Lakini oda ilikuwa kubwa, na nilitamani sana kazi yangu ionekane ndani ya nyumba ile. Nikapanda boti hadi Kipungani, nikamweleza Bi Mwanaesha: ukingo uende upande, miyaa mingine itokeze, mistari ya rangi isilingane.

Alidhani namtania. Alipoona sicheki, akauliza kama huko Shela hakuna mikeka mibovu wakatandika hiyo. Kisha akakubali. Sikumuuliza kwa nini amekubali. Nilifurahi tu.

Leo nilikwenda kuichukua.

Siku zote Bi Mwanaesha hukaa barazani na wanawake wenzake, kila mmoja na ukili wake, yeye akiwakosoa. Leo baraza ilikuwa tupu. Nilipiga hodi, nikamkuta ndani, mlango umerudishwa na dirisha limefungwa, anashona mkeka wa mwisho kwa taa mchana kweupe.

Alinieleza bila kuinua uso. Mkeka wa kwanza aliuanika uani, na jirani yake, Bi Rukia, akauona. Aliugeuzageuza, akaenda zake. Kufika jioni mji mzima unaambizana kwamba Bi Mwanaesha mato yamekwisha, haoni tena. Wakaanza kumwonea huruma. Wengine walikuwa wakija kumtungia uzi kwenye sindano kabla hajaomba.

Na juzi Bi Rukia alikuja kwa adabu nyingi. Alikuwa amempa Bi Mwanaesha kazi ya mkeka wa kitanda cha arusi ya bintiye. Akauchukua ukiwa nusu, akampa mwanamke mwingine aumalizie. Huyo mwingine alifundishwa kusuka na Bi Mwanaesha mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia ukweli.

"Heri waseme sioni," alisema. "Wakiyua naona, na bado nasuka hivi, wataniitaje?"

 

Akanieleza na jingine. Vidole vilikuwa vikimkatalia. Akikosea mahali, anaendelea, mara anajikuta amekwisha kupasahihisha bila kujijua, na inambidi afumue, akosee upya. Mikeka hii mibaya imemchosha kuliko mizuri yote aliyopata kunisukia. Nilimpa kazi ya kupigana na mikono yake mwenyewe, na sikulijua hilo kwa sababu sikufikiria kulijua.

Nikamwambia basi, oda naivunja, nampigia Njeri sasa hivi. Nilisema kwa nguvu, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri, kama mtu aliyekwisha kusamehewa. Bi Mwanaesha akaweka sindano chini, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Aibu nishaipata," alisema. "Sasa wataka niikose na kazi? Usinihasiri mara ya pili, mwanangu."

Nikamwomba ruhusa nimwendee Bi Rukia nimweleze. Akanikataza. Akaikunja mikeka, akaitia ndani ya magunia ili mtu asiione njiani.

Bi Rukia nilimkuta gatini. Si mtu mbaya. Alinisaidia kupakia magunia kwenye boti, hajui amebeba nini. Halafu akanivuta pembeni, akaniomba nimfanyie hisani Bi Mwanaesha, nimpeleke hospitali akapimwe macho, maana peke yake hatakwenda. Alikuwa na machozi kweli.

"Nitampeleka, inshallah," nikasema.

Nimelitaja jina la Mungu juu ya uongo, kwa sauti ya upole kabisa.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Njeri, nikamweleza yote bila kupamba. Akasema pole, hakuwa amejua. Oda hii ataichukua, na inayofuata tutaongea. Sina neno naye. Yeye aliomba tu. Aliyelibeba ombi lile hadi mlangoni kwa mtu anayemwamini ni mimi.

Tunapenda kusema kazi ya mkono hujulikana kwa kasoro zake. Leo nadhani hayo ni maneno yetu sisi tusiosuka. Bi Mwanaesha ametumia maisha yake yote kuziondoa hizo kasoro, nami nikaziagiza zirudi.

Wiki ijayo nitarudi Kipungani, nimwombe anisukie mkeka mmoja wa nyumbani kwangu, atakavyo yeye, akiusukia pale barazani mbele ya wenziwe. Labda watajionea wenyewe. Labda atanifukuza. Vyote viwili nimevistahili.

Kabla ya kukata simu, Njeri alinikumbusha kwamba kila mkeka unahitaji kibandiko chenye jina la aliyeusuka. Wageni hupenda kujua. Nikampigia Bi Mwanaesha kumwomba idhini, kama ninavyofanya kila mara. Huwa anafurahi, huniambia niliandike kamili, hadi la babake.

Leo alisema, "Langu usitie. Tia lako." Akakata.

Nimekaa na hiki kibandiko tangu wakati ule. Nilijaribu kuacha nafasi tupu. Nilijaribu kuandika "wanawake wa Kipungani", nikaona hapo nitawapaka wote aibu. Mwisho nimeandika: Umesukwa kwa mkono na, halafu jina langu, kwa herufi nzuri nilizozichagua mwenyewe.

Mimi hata kuuanza ukili siwezi.

Nimekituma.